Tumekuja Tu

Nilipompigia dada kumwomba abaki na watoto
nikamwambia: Luhende amenikodia nyumba ndogo Ukerewe,
siku tatu, kuanzia Ijumaa.
Akacheka mpaka simu ikakatika.
Akapiga tena kuja kucheka vizuri.
Miaka kumi na minane ya ndoa, mdogo wangu,
leo ndiyo unapelekwa nyumba ndogo na mumeo mwenyewe!

Ni nyumba kweli, na ni ndogo:
bati jekundu, vyumba viwili, baraza la mbao
lililokaa juu ya mwamba kama kuku aliyeatamia.
Ufunguo tuliukuta chini ya ndoo.
Chandarua kina tundu, mgeni wa kabla yetu kalipiga fundo,
na dirishani ziwa lote,
lote,
mpaka pale linapochoka kuwa maji.

Nyangeta, anayetunza nyumba,
alituuliza ufagio ukiwa mkononi:
Mmekuja msibani?
Hapana.
Kuna harusi?
Hapana.
Mnanunua machungwa? Kiwanja?
Tukatazamana kama watoto waliokutwa na kidole kwenye sukari.
Tumekuja tu, nikasema.
Tu, akarudia, akilipima neno uzito,
akaenda kutuchemshia maji.

Ijumaa Luhende hakujua mikono yake aiweke wapi.
Mtu wa vigae, duka Makoroboi,
kutwa kuhesabu maboksi na kubishana na wapakuzi.
Alikaza bawaba za mlango usio wake.
Alihesabu mbao za baraza. Arobaini na moja.
Alipanda jiwe kutafuta mtandao,
akapata kijiti kimoja, kikamponyoka,
na mjusi wa kichwa chekundu akampigia pushapu za dharau.
Usiku akaniuliza gizani:
Hivi watu wakipumzika huwa wanafanya nini?
Nikasema sijui, na mimi ni mara yangu ya kwanza.

Jumamosi mvua ya vuli ikaja kwa njia ya maji.
Tuliiona tangu mbali,
ukuta wa kijivu unatembea taratibu
kama mtu anayejua atakuta watu nyumbani.
Ikapanda bati. Tukaongea kwa kupayuka,
kisha tukaacha kuongea.
Na saa nne asubuhi, saa ya wateja,
Luhende akalala.
Mdomo wazi, kandambili moja mguuni,
mvi mbili kidevuni ambazo sikuwa na habari nazo.
Nilikaa karibu yake nikamenya chungwa.
Nikalimenya polepole, duara baada ya duara,
ganda likashuka refu hadi gotini
halikukatika.

Jioni ardhi ikafunguka.
Kumbikumbi wakatoka kwa maelfu
kwenye vishimo ambavyo asubuhi hatukuviona,
na Nyangeta akaja mbio na taa na beseni la maji
na watoto wasiohesabika,
na mume wangu, mwenye sukari na shinikizo la damu,
akakunja suruali akaingia katikati yao,
akidaka hewa, akikosa, akidaka,
akiniita kwa jina langu la usichana
ambalo hata benki wameshalisahau.
Tuliwala wa kukaanga, kwa chumvi.
Chumvi tu.
Nyangeta akanitazama, nikamtazama,
nadhani tulielewana.

Jumapili, kivuko hakijafika hata nusu ya maji,
simu ya Luhende ikazinduka, ikalia mara kumi na moja.
Vigae vimevunjika. Mteja wa Igoma anataka pesa zake.
Mikono yake ikarudi kazini.
Ya kwangu pia: Jumatatu, Nyegezi,
beseni, sabuni, rundo la sare za shule.

Ndani ya kola ya shati lake
nilikuta ubawa mmoja wa kumbikumbi,
mwembamba, unaonyesha ng'ambo,
una mistari kama ramani ya kisiwa.
Dada, kibarazani, bado anasubiri jibu:
Haya sema, mlikuwa mnafanya nini huko siku zote tatu?
Nikaupuliza ubawa povu.
Shati nimeliweka kando.
Nitalifua wiki ijayo.